Babu Hayumo Mtandaoni

Mtoto wa kiume wa mdogo wangu alipotaka kuoa, familia ilinichagua mimi niwe msemaji wa kupeleka posa. Hawakunichagua kwa busara. Walinichagua kwa sababu nimestaafu ualimu na sina kazi ya maana, na kwa sababu nikianza kuongea ni shida kuninyamazisha. Nadhani waliona heri maneno yangu yakawachoshe watu wengine.

Nyumba ya binti ilikuwa Ilala, watu wenye asili ya Tanga. Walitupokea vizuri, wakatuletea sharubati na visheti. Nikasimama. Nikasifu nyumba, nikasifu malezi, nikasifu mpaka zulia. Bibi mmoja wa upande wao alikuwa amekaa kwenye kochi la pembeni, kajifunika kanga vizuri, ananisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Nilipomaliza akasema, "Umesema vizuri, mwanangu. Sasa hebu tuambie, ninyi ni watoto wa nani?"

Nikamtaja baba. Nikamtaja babu.

"Na baba yake babu?"

Nikamtaja naye. Hapo nilijiona nimeshinda.

"Huyo alizaa wangapi, na wako wapi? Tusije tukawa tunaoza kwa ndugu zetu wenyewe."

Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ya kusimama mbele ya watu hakikutoka kitu. "Wametawanyika," nikasema mwishowe.

"Wametawanyika wapi?"

"Kusini," nikajibu, na kwa mkono nikaonyesha upande ambao, nikiwa mtu aliyefundisha Jiografia maisha yangu yote, nilijua kabisa kwamba ni kaskazini.

Bibi akatikisa kichwa. "Basi ninyi ni watu wa juzi," akasema, bila ubaya wowote, akachukua kisheti.

Posa ilikubaliwa. Kijana alifurahi, mama yake akapiga vigelegele, na wote tukarudi nyumbani salama. Mimi peke yangu nilirudi nimechomwa. Watu wa juzi! Babu yangu alijenga nyumba Kariakoo wakati watu wengine wanapita hapo kutafuta kuni. Kweli nyumba yenyewe iliuzwa zamani, na pale palipokuwa na ua wetu sasa pana ghorofa la maduka ya vipuri vya pikipiki, lakini tulikuwapo. Tulikuwapo kabla ya vipuri.

Nilimlalamikia binti yangu, ambaye anafanya kazi za kompyuta kwenye ofisi moja mjini. Akaniambia, "Baba, siku hizi kuna tovuti za mambo ya ukoo. Unaandika jina la mzee wenu, inakutafutia wazazi wake na uzao wake. Watu wanaweka humo kumbukumbu za ubatizo, za ndoa, za makaburi, kila kitu." Akanifungulia akaunti. Nywila niliisahau kabla ya chai kupoa, akanifungulia tena.

Baba yake babu alikuwa na jina la kawaida sana. Ni jina ambalo ukiliita kwa sauti sokoni Kariakoo, wachukuzi wanasimama, wauza mitumba wanageuka, na dereva wa bajaji anauliza, "Wapi, mzee?" Nilipoliandika kwenye ile tovuti walitokea watu wengi kiasi kwamba nilifuta miwani nikidhani nina tatizo la macho. Mtu mwenye akili angerudi nyuma na kujiuliza maswali. Mimi nilitembeza kidole mpaka nilipomwona aliyenipendeza.

Alikuwa liwali. Liwali kamili, wa mji mmoja wa pwani ya kusini, na mtu aliyeandika ukoo wake alikuwa amempandisha mpaka ng'ambo ya bahari kwa masharifu na mashehe. Chini ya jina lake palikuwa na swali: je, huyu ni jamaa yako? Na kitufe cha kukubali.

Nilikubali. Kila tovuti iliponiuliza, nilikubali. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepata mababu ambao sikuweza hata kuyatamka majina yao.

Niliandika kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp ujumbe mrefu ulioanza kwa maneno, "Ndugu zangu, sisi si watu wa juzi." Ndugu walipokea kwa furaha. Mmoja alibadilisha picha yake akaweka jambia. Mwingine aliuliza kama liwali aliacha nyumba, na kama hati yake inajulikana ilipo. Mimi nilikwenda kwa muuza kanzu wa jirani nikanunua joho jeusi lenye nakshi za dhahabu shingoni, nikaanza kutembea polepole. Kariakoo si mahali pa kutembea polepole. Niligongwa na mkokoteni wa viazi, na mwenye mkokoteni akaniita mzee badala ya liwali.

Mke wangu ana duka la mapazia, na tangu nistaafu mimi ndiye msaidizi wake. Alinitazama na joho langu siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu akasema, "Mheshimiwa liwali, shika ngazi hiyo, upande juu. Kuna mteja anataka kuona lile la zambarau la juu kabisa."

Aliyenishusha, kwenye ngazi na kwenye uliwali, ni binti yangu. Alikuja dukani Jumamosi, akaomba nimwonyeshe huo ukoo, akasoma kimya. Halafu akasema, "Baba, wewe ulifundisha wanafunzi kusoma ramani?"

"Kwa nini?"

"Hapa imeandikwa liwali alifariki lini. Na babu yako alizaliwa wakati gani, unakumbuka mlivyokuwa mnasema?"

Nilikumbuka.

"Basi liwali alimzaa akiwa ameshalala kaburini miaka mingi."

Nilijaribu kusema labda tarehe zimekosewa. Mke wangu, aliyekuwa anapima kitambaa, akasema bila kuinua kichwa, "Au labda ndiyo uliwali wenyewe huo."

Kuomba radhi kwenye kundi la ukoo ni kazi nzito kuliko kutangaza habari njema. Niliandika maelezo marefu ya namna utafiti unavyofanyika. Nilijibiwa kwa vidole gumba tu. Yule aliyeuliza habari za hati alijitoa kwenye kundi.

Ningeacha hapo, lakini binti yangu alinionea huruma. Alisema kosa langu lilikuwa kutafuta kwa jina peke yake. "Tafuta kwa kijiji," akasema. Kijiji nilikijua, kwa sababu babu alikitaja kila alipokula mihogo ya Dar na kuiponda. Tukaandika jina la kijiji, huko ndani kabisa kusini, na hapo tukakuta kitu ambacho sikujua kama kipo duniani. Miaka michache nyuma, watu wenye vinasa sauti walikuwa wamepita vijiji vya kule wakikaa na wazee. Kila mzee alitaja ukoo wake kwa mdomo, nani kamzaa nani, nani kaenda wapi, na sauti zao zikawekwa kwenye tovuti pamoja na maandishi.

Mzee mmoja wa kijiji chetu alikuwamo. Nilivaa visikilizio, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya marobota ya vitambaa, nikamsikiliza. Alikuwa na sauti kavu, na huko alikokaa kulikuwa na jogoo mwenye vurugu. Alitaja koo za majirani, akakohoa, akaomba maji. Halafu akamtaja baba yake babu. Nikajiambia, tulia, hili jina hata dereva wa bajaji analo. Lakini mzee akaendelea, akamtaja na mkewe, na jina la mkewe lilikuwa lile lile la shangazi yangu mkubwa. Babu alimpa mwanawe wa kwanza wa kike jina la mama yake, hilo nyumbani kila mtu alilijua, na si jina la kawaida hata kidogo.

Nilipiga kelele. Mteja aliyekuwa anakagua fimbo za pazia alizimwaga zote chini.

Tuliwasha sauti ili tusikilize wote watatu. Walizaa watoto wanne, mzee alisema. Wa kwanza akamtaja kwa jina la Kikristo: "Huyu alisoma misheni, akaenda Dar es Salaam, akafa huko kijana, hakuzaa. Tuliletewa habari, matanga yakakaliwa hapa." Wa pili na wa tatu waliishi na kufia kijijini. Wa mwisho alikuwa binti, aliyezaliwa kaka yake mkubwa ameshaondoka. "Huyu naye aliolewa akaenda huko huko Dar, alikuwa anakaanga samaki kwenye soko la Feri mpaka alipokufa. Binti yake yupo. Mjukuu wake ana duka la dawa Upanga, karibu na ile hospitali kubwa."

Jogoo akawika, na mzee akahamia ukoo mwingine.

Tulitazamana. Baba yake babu alikuwapo. Mama yake alikuwapo. Watoto walikuwapo wote wanne, kwa majina. Babu hakuwamo.

"Baba," binti yangu akasema taratibu, "kwa maandishi haya, sisi hatujazaliwa."

Mke wangu alisema labda babu aliokota baba njiani kama mimi nilivyookota liwali. Alisema kwa utani, lakini mimi nilikosa hamu ya kula. Nilianza na ukoo wa watu wa juzi, nikapanda mpaka kwa masharifu, na sasa hata hiyo juzi nilikuwa nimenyang'anywa.

Kitu pekee cha kushika kilikuwa lile duka la dawa. Nilikodi bajaji mpaka Upanga nikiwa na uhakika kwamba baada ya dakika chache nitakuwa nakunywa chai kwa ndugu zangu. Nilikuwa nimesahau jambo moja, kwamba karibu na hospitali kubwa huwa pana maduka mengi ya dawa. Yalikuwa yamejipanga mtaa huu na mtaa ule, na mengi wenyewe walikuwa watu wa familia za Kihindi walioniambia kwa upole kwamba babu zao walitoka Gujarati. Na kwa kuwa niliona aibu kuingia dukani, kumuuliza mtu asili yake, kisha nikatoka mikono mitupu, kila duka nilinunua kitu. Dawa ya kikohozi. Plasta. Mafuta ya kuchua. Kwa mama mmoja aliyekuwa mkali nilinunua maziwa ya watoto wachanga. Nilirudi Kariakoo nimebeba mfuko uliojaa, na mke wangu akaniuliza ninaumwa nini. Nikamwambia siumwi. "Utaumwa," akasema.

Safari ya pili ndipo nilipolipata. Lilikuwa duka dogo chini ya jengo la ghorofa, na nyuma ya kaunta alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyejibu swali langu la asili kwa kusema, "Kusini. Kwani vipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi, na maneno yote yakatoka kwa mpigo mmoja. "Dada yangu, mimi ni ndugu yako! Baba yake babu yangu ndiye babu yake mama yako. Nimekupata kwenye mtandao."

Neno mtandao ndilo lililoharibu. Aliweka chini boksi la dawa alilokuwa ameshika.

"Kwenye mtandao," akarudia.

"Ndiyo. Mpaka duka lako limo."

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Juzi kuna mtu kanipigia simu kasema ni mjomba wangu, kakwama mpakani na mzigo. Kabla yake kuna mwingine alisema nimeshinda gari, nitoe ya usajili. Wewe angalau umekuja mwenyewe na jua hili, nakupongeza kwa juhudi. Unauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Basi kama ni nyumba ya mama, ina wenyewe, na mwanasheria wetu anajulikana."

Wateja wawili walikuwa wamegeuka kunitazama. Nilifikiria kununua kitu kingine nikaondoka. Badala yake nikatoa simu, nikaitafuta sauti ya yule mzee, nikaiweka juu ya kaunta, sauti ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Kwanza jogoo, halafu kikohozi, halafu majina. Alipofika kwenye samaki wa Feri, yule mama alivua miwani. Alipofika kwenye duka la dawa Upanga, aliishika simu yangu kwa mikono miwili.

"Huyu ni babu wa kijijini," akasema. "Huyu ndiye aliyetupokea tulipompeleka bibi kuzikwa. Kaka, umeitoa wapi sauti yake?"

Nilikuwa nimepanda cheo, kutoka tapeli mpaka kaka. Akamwachia mwenzake kaunta, tukapanda ngazi.

Mama yake alikuwa anaishi ghorofa ya pili, bibi wa miaka themanini hivi, mwembamba, amekaa dirishani anachambua mchele. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema. "Kaa hapo nikuone." Nikakaa, nikaanza kujieleza. Nilianza na posa ya Ilala, nikapita kwa liwali, nikafika kwenye joho, nikaeleza maduka ya dawa yote moja baada ya jingine. Chai ililetwa ikapoa. Nilipovuta pumzi, yule bibi alimtazama binti yake akasema, "Mama aliniambia baba yake, yaani babu yangu, alikuwa na maneno. Walikuwa wakimwona anakuja, watu wanaingia ndani."

"Mama, huyu tangu aingie hajameza mate."

"Ndiyo nasema."

Sikujua kama nimetukanwa au nimetambuliwa.

"Sasa babu yako wewe ni nani?" bibi akauliza. Nikamtaja. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Simjui. Katika watoto wa babu hakuna jina hilo. Alikuwa mtu wa kazi gani?"

Nikamweleza nilichokijua. Alikuwa seremala, ufundi alijifunza misheni kule kusini. Alikuja Dar kijana. Hapa Kariakoo alimpenda bibi yangu, na baba yake bibi akasema hamuozi binti yake kwa mtu asiye Mwislamu, basi akasilimu, wakamchagulia jina, na jina hilo ndilo alilokwenda nalo mpaka kaburini.

Yule bibi aliusukuma ungo wa mchele pembeni. "Na lile la misheni alikuwa anaitwa nani?"

"Hakuwahi kututajia."

Ndipo akatueleza alivyohadithiwa na mama yake. Kaka mkubwa alipokaa kimya muda mrefu, nyumbani walimtuma jamaa mmoja aje Dar amtafute. Akafika Kariakoo, akauliza nyumba kwa nyumba kwa jina la misheni. Watu wakasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mwisho akakutana na mmoja aliyemwambia alikuwapo kijana kama huyo wa kusini, homa ilimchukua. Jamaa akarudi na habari hiyo. Wakanyoa nywele, wakakaa matanga. "Mama yangu alikuwa mtoto wa mgongoni," bibi akasema. "Amekua anaambiwa alikuwa na kaka, alikufa Dar." Kisha akalitaja lile jina, lile lile alilolitaja mzee kwenye simu.

Ilitosha kwa mtu mwingine, lakini mimi nilikuwa nimeshaungua na liwali. Nikasema ngoja nimuulize shangazi yangu, ndiye mtoto pekee wa babu aliyebaki, yule mwenye jina la mama yake. Nikampigia, nikaweka sauti ya wote.

"Shangazi, shikamoo. Umewahi kusikia jina hili?" Nikalitaja.

Shangazi akafoka: "Astaghfirullah! Nani kakutukana?"

"Hapana, shangazi, ni jina la mtu."

"Jina la mtu wapi! Hilo ni tusi. Mama akimkasirikia baba, akichelewa kurudi au akimwaga maranda yake ya mbao uani, ndivyo alivyokuwa akimwita. Na baba akiitwa hivyo ananywea kabisa, anakwenda kukaa kwenye benchi lake. Sisi watoto tulijua ni tusi kubwa la huko misheni." Akashusha sauti. "Hata mimi nimeshawahi kumwita hivyo marehemu mume wangu."

Yule mama wa duka la dawa alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka. Bibi hakucheka mara moja. Alitazama nje dirishani, kisha akaniuliza babu alikufa lini, nikamwambia mimi nilikuwa nasoma shule ya msingi. Akahesabu moyoni.

"Kwa hiyo walikuwa mji mmoja," akasema. "Mama yangu yuko Feri anakaanga samaki kila siku, na kaka yake yuko Kariakoo anaranda mbao."

Nimefundisha umbali na vipimo vyake maisha yangu yote. Kutoka Feri mpaka Kariakoo ni mwendo ambao mtu anatembea kwa mguu bila kusimulia mtu yeyote kwamba ametembea. Babu alipenda samaki wa kukaanga. Sikulisema hilo, na kwa mtu kama mimi, hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Jumapili moja baadaye tulikwenda makaburini. Upande wetu tulikuwa tumejaa, hata yule aliyejitoa kwenye kundi alikuja, akiwa amenihakikishia kwamba hana neno na hati ya mtu. Upande wao walikuja wengi wakitoka kanisani moja kwa moja, wanawake wamejifunga kanga kichwani juu ya nguo zao za ibada. Shangazi na yule bibi walitambulishwa, wakashikana mikono, na tangu hapo hawakuachana. Shangazi alikuwa anamtazama kwa kuibia, akanong'ona sikioni mwangu, "Ana pua ya baba." Mimi sikuiona hiyo pua, lakini nilikubali kwa kichwa kama mtaalamu.

Tulisoma dua. Mimi kama msemaji nilikuwa nimeandaa hotuba, kurasa kadhaa, yenye sehemu ya utangulizi na sehemu ya historia ya pwani ambayo sikuwa na moyo wa kuitupa. Nilikohoa, nikasogea mbele. Bibi wa Upanga akanishika mkono kunizuia, akapita.

"Mjomba, shikamoo," akaliambia kaburi. "Mimi ni mtoto wa dada yako, yule ambaye hukumwona. Walikulilia mapema, mjomba. Wasamehe, waliuliza kwa jina ambalo wewe ulikuwa umeshalivua."

Akaendelea. Alimweleza nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa, mashamba yaliyouzwa, mwaka wa njaa, samaki wa mama yake walivyokuwa wakisifiwa, duka la dawa lilivyoanza. Jua lilipanda. Watu walibadilisha mguu wa kusimamia, wengine wakasogea kivulini, mke wangu alinitazama kwa jicho lililosema sasa unajua tunavyopata taabu. Hakuna aliyethubutu kumkatisha. Hotuba yangu ilibaki mfukoni imelowa jasho, na mpaka leo hakuna mtu aliyeuliza habari zake.

Tulipotoka getini, bibi alimwambia binti yake ampigie mzee wa kijijini, yule yule wa kwenye sauti, ambaye alikuwa hai bado na simu alikuwa nayo. Bibi akaichukua simu, na ilibidi apige kelele kushinda honi za barabarani.

"Nimetoka kaburini kwa kaka yake mama!" akasema. "Yule wa misheni! Hakufa kijana. Alizaa!"

Nilisikia kutoka upande wa pili ile sauti kavu niliyoizoea nyuma ya marobota: "Alizaa wangapi?"

Bibi akanikabidhi simu. "Sema wewe, maneno unayo."

Nikamwamkia mzee, nikataka kuanza na posa ya Ilala. Akanikatiza. "Taja watoto," akasema. Nikamtaja wa kwanza, shangazi mwenyewe. Akalirudia jina polepole, na akaongeza, "Kampa jina la mama." Nikamtaja wa pili, akarudia. Nikamtaja baba yangu, akarudia. Hakuwa anaandika, nilimsikia anayaweka kichwani, moja baada ya jingine, na kabla ya kupokea jipya anaanza tena kutoka juu. Nilipomaliza watoto akataka wajukuu, na ndugu zangu wakanizunguka pale getini, kila mmoja ananisukuma nisimsahau. Niliwataja wote, nikajitaja na mimi.

"Ngoja," mzee akasema. "Usikimbie. Huyo wa mwisho sikumpata vizuri. Hebu mtaje tena."

Nikajitaja tena.